Asiyekubali Kushindwa



Upo msemo ambao watu wetu huutoa upesi, kama mtu atoavyo leso mfukoni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunausikia uwanjani baada ya mpira, tunausikia baada ya uchaguzi, na siku hizi tunausikia pia katika jambo la zabuni za umma. Mtu ameomba kazi ya serikali. Amejaza nyaraka, ameambatisha vyeti, amepiga hesabu ya bei usiku kucha. Ananyimwa. Anapouliza amenyimwa kwa sababu gani, anajibiwa kwa msemo huo. Waliopo wanacheka, naye anaona haya na kunyamaza.

Wiki hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya ukimya huo. Je, anayepinga namna taasisi ya umma ilivyopima zabuni za washindani ni mtu asiyekubali kushindwa? Au ni mtu anayelitendea taifa lake jambo jema, ingawa analitenda akiwa na uchungu moyoni?

Sisi tunaoishi Iwawa tuna sababu ya kuuliza. Mji wetu ni makao makuu ya Wilaya ya Makete, huku juu kwenye baridi, na watu wetu wanaishi kwa viazi mviringo, pareto, ngano na mbao. Kwa miaka mingi njia ya kwenda Njombe ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika; leo kilomita 107.4 hizo ni lami. Lami hiyo imeleta malori ya kuchukua viazi vyetu, nasi tunashukuru. Lakini njia ni njia kwa wote: imemleta pia mfanyabiashara wa mbali aje ashindane na fundi wa hapa. Na mahali kama hapa, ambapo hakuna viwanda vikubwa, mnunuzi mkubwa ni serikali yenyewe. Shule zinahitaji madawati, zahanati zinahitaji vitanda, ofisi zinahitaji meza. Zabuni moja ikimwangukia fundi wa mtaani, watoto wake wanakwenda shule kwa amani mwaka huo. Ndiyo maana sheria yetu ya ununuzi imeagiza kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Ndugu zetu saba, vijana mafundi seremala, walikuwa katika hali hiyo miezi kadhaa iliyopita. Wamejiunga katika kikundi, wamekisajili, wana karakana yao ya mabati na mashine mbili za kurandia. Waliomba zabuni ya samani kwa taasisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Waliomba kwa njia ya NeST, ule mfumo wa kielektroniki ambao tangu mwaka 2023 ndio mlango wa zabuni za umma nchini. Siku moja wakapokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo: kazi inakusudiwa kupewa mzabuni mwingine, kwa bei iliyo juu kuliko yao. Na sababu ya wao kuachwa iliandikwa kwa mstari mmoja tu, kwamba hawakuonyesha mikataba mitatu ya kazi zinazofanana na hiyo.

Wakaja kwetu jioni, wote saba. Hawakuja kutafuta wakili, maana sisi si wakili. Walikuja kwa sababu walitaka mtu wa kuandika barua, na kwa sababu walikuwa wamegawanyika. Wanne walitaka kulalamika. Watatu waliogopa. Mmoja wa hao watatu alituambia, "Baba, sisi tunaishi hapa hapa. Tukiwaandikia leo, kesho tutaomba kazi gani tena?" Hatukulipuuza neno hilo, wala tusingependa msomaji alipuuze. Mjini mkubwa mtu anaweza kulalamika na kupotea katika umati. Iwawa, anayepokea malalamiko yako asubuhi utakutana naye sokoni jioni, na Jumapili mtakaa benchi moja.

Kabla ya kuendelea, ni vema tueleze kwa ufupi jinsi zabuni inavyopimwa, kwa kuwa wengi wanadhani mambo yote hufanywa na mtu mmoja nyuma ya pazia. Taasisi ikitaka kununua, hutoa nyaraka za zabuni, na ndani yake huandika vigezo: nani anaruhusiwa kuomba, awe na uzoefu gani, alete vithibitisho gani, bei italinganishwa namna gani. Zabuni zikifunguliwa, kamati ya tathmini huzipima kwa hatua. Kwanza huangalia kama nyaraka zimetimia. Kisha huangalia uwezo na ubora wa kile kinachotolewa. Mwishowe huangalia bei ya wale waliovuka hatua za mwanzo. Taarifa ya kamati hupelekwa bodi ya zabuni, na juu yao wote yupo afisa masuuli, ambaye ndiye anayebeba dhamana ya taasisi.

Katika mlolongo huo wote kuna kanuni moja iliyo kama nguzo ya nyumba: kamati itapima kwa vigezo vilivyoandikwa katika nyaraka za zabuni, wala si kwa vingine. Haiwezi kuongeza kigezo baada ya zabuni kufunguliwa, hata kama kigezo hicho ni kizuri. Sababu yake mtoto anaweza kuielewa. Ukiwaambia watu washindane mbio hadi kwenye mti, kisha wamekwisha kufika ukasema mshindi ni yule aliyevaa viatu, wewe hukupima mbio, umechagua mtu.

Sheria inajua kwamba wapimaji ni binadamu, kwa hiyo imeweka kipindi cha kusubiri. Kabla mkataba haujasainiwa, wazabuni wote hupewa notisi ya nani anakusudiwa kupewa kazi, na walioachwa huelezwa sababu. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, asiyeridhika ana siku 5 za kazi kumwandikia afisa masuuli. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa kwa wakati, anaweza kukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, chombo ambacho mizizi yake ni sheria ya ununuzi ya mwaka 2001. Mamlaka hiyo ilikuwa na siku 45 za kutoa uamuzi. Sheria mpya imezipunguza kuwa 40. Na juu yake ipo Mahakama Kuu, inayoweza kuombwa kuupitia uamuzi huo. Basi mlango wa kuuliza umejengwa na Bunge lenyewe. Haukuvunjwa ukutani na wakorofi.

Turudi kwa ndugu zetu. Walipofika walikuwa wamekwisha kutumia siku mbili kubishana. Tuliketi nao mezani, tukawaomba wataje malalamiko yao yote bila kuficha, nasi tukayaandika. Kisha tukayagawa mafungu matatu: yale yanayouma, yale yaliyosikika, na yale yaliyoandikwa.

Katika fungu la kwanza kulikuwa na mengi. Kwamba wamedharauliwa. Kwamba vijana wa hapa hawathaminiwi. Kwamba bei yao ilikuwa ndogo na bado wakaachwa. Hayo yote yanauma, lakini tuliwaeleza kwamba peke yake hayajengi hoja. Hata bei ndogo si hoja, maana bei hulinganishwa kati ya waliovuka hatua za uwezo; aliyeachwa kwa haki katika hatua ya uwezo hawezi kuokolewa na bei.

Katika fungu la pili kulikuwa na jambo moja zito: kwamba mshindi ni jamaa wa mtu fulani ofisini. Nani amesema? Mtu mmoja, aliyeambiwa na mwingine. Kijana mmoja alishikilia kwamba liandikwe, akasema, "Lisemwalo lipo." Tukamjibu kwamba huenda lipo, lakini barua hii haina macho ya kuliona. Tuhuma ya rushwa au upendeleo wa undugu ina mlango wake, nao ni TAKUKURU, na anayebisha hapo awe na kitu cha kuonyesha. Kuitia tetesi katika malalamiko ya tathmini ni kumpa anayelalamikiwa nafasi ya kukasirika kwa haki, na akikasirika kwa haki, hatasoma tena sehemu iliyobaki. Zaidi ya hayo, jina la mtu ni mali yake. Hatuna ruhusa ya kulichafua kwa sababu tu tumeumia.

Fungu la tatu lilikuwa na jambo moja tu. Tulizifungua nyaraka za zabuni, tukazisoma polepole, tukiwafasiria Kiingereza chake neno kwa neno, hadi tukafika penye uzoefu. Paliandikwa kwamba mzabuni alete angalau mkataba mmoja wa kazi inayofanana. Mmoja! Wao walileta miwili. Notisi ikawahukumu kwa mitatu. Hapo chumba kilinyamaza. Yule aliyekuwa na hofu kuliko wote akasema kwamba sasa yuko tayari kutia sahihi.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja namba ya zabuni, ilinukuu kifungu cha nyaraka, ilinukuu sababu iliyotolewa katika notisi, ikaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayapatani, ikaomba tathmini irudiwe kwa kigezo kilichoandikwa. Hakukuwa na neno la hasira hata moja. Waliiwasilisha siku ya nne.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo madogo ya meza na viti. Tunamwomba akumbuke kwamba taifa letu limekwisha kuona gharama ya tathmini isiyoulizwa mapema. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa yetu ya umeme, na katika haraka ile kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kuleta mitambo ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Maswali yaliyopaswa kuulizwa kabla ya sahihi, yaani kampuni hii imefanya nini, ina uwezo gani, imevuka vigezo vipi, yalikuja kuulizwa kikamilifu na Kamati Teule ya Bunge chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, iliyoundwa Novemba 2007. Taarifa yake iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Ukweli ulipatikana, lakini ulipatikana baada ya mkataba. Baadaye shauri la Dowans lilifika katika usuluhishi wa kimataifa, na TANESCO ikaamriwa kulipa mamilioni ya dola.

Majirani zetu wa Kenya nao wana funzo lao. Mwishoni mwa mwaka 2012 tume yao ya uchaguzi ilikuwa ikinunua vifaa vya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Washindani walioachwa walipeleka malalamiko kwenye bodi ya mapitio ya ununuzi. Bodi iliona kasoro katika mchakato, lakini haikuufuta, kwa sababu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa umekaribia mno. Siku ilipofika, vifaa vilishindwa katika vituo vingi, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mahakama ya Juu, ingawa iliyathibitisha matokeo ya urais, ilipendekeza kwamba ununuzi ule uchunguzwe.

Tazameni basi. Katika mfano wa kwanza swali lilichelewa. Katika mfano wa pili swali liliulizwa, ila muda ulikuwa umelibana jibu. Kati ya mifano hiyo miwili ndipo tunapoona thamani ya zile siku chache kati ya notisi na sahihi. Katika siku hizo kosa bado ni karatasi tu. Linaweza kufutwa kwa kalamu. Baada yake kosa linakuwa mkataba, na mkataba hufutwa kwa fedha za walipa kodi.

Na ni nani anayeweza kuliona kosa katika siku hizo? Mkaguzi bado hajafika; atakuja mwaka ujao. Mbunge hana habari. Mwananchi wa kawaida hajui hata kwamba kuna zabuni. Anayejua ni mmoja tu: yule aliyeomba akaachwa, kwa sababu anazo nyaraka mkononi na anayo sababu ya kuzisoma tena. Uchungu wake ndio unaomfanya afungue ukurasa ambao wengine wote wamekwisha kuufunga. Ndiyo, anatafuta maslahi yake. Lakini sheria yenye hekima humtumia mtu anayetafuta chake ili kulinda kilicho cha wote, kama mkulima anayeziba maji yasiharibu shamba lake, na kumbe ameiokoa njia ya kijiji.

Jibu lilikuja kabla ya siku zilizowekwa kwisha. Afisa masuuli alikubali kwamba kigezo cha mikataba mitatu hakikuwamo katika nyaraka, akaagiza tathmini irudiwe. Tunapenda kumsifu hapa, ingawa hatumtaji. Ni vigumu kwa mwenye cheo kumwandikia fundi wa karakana ya mabati kwamba umesema kweli.

Tathmini ikarudiwa. Ndugu zetu wakavuka hatua ya uzoefu. Akavuka pia mzabuni mwingine, ambaye naye alikuwa ameachwa kwa kigezo kile kile, na ambaye hakulalamika. Bei zilipolinganishwa, huyo wa pili alikuwa chini yao. Akapewa yeye.

Tulidhani watakuja wamevunjika. Mmoja wao kweli alisema kwamba wamechimba kisima ili wengine wanywe. Lakini yule aliyekuwa na hofu, ambaye sasa tulikuwa tumemzoea kwa upole wake, alisema neno ambalo tumekuwa tukilitafakari tangu hapo: "Mara ya kwanza tulinyimwa. Mara hii tumeshindwa." Naye alilisema bila uchungu. Alikuwa anaijua bei iliyowashinda, anajua ni kwa kiasi gani, na anajua walipaswa kupunguza wapi katika hesabu ya usafiri. Kikundi kimeendelea kuomba zabuni, na hakuna aliyewafungia mlango.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye msemo wetu. Asiyekubali kushindwa si mshindani: msemo huo ni wa kweli, lakini una sharti ndani yake. Ili mtu akubali kushindwa, ni lazima kwanza ashindwe. Aliyepimwa kwa kipimo ambacho hakuambiwa bado hajashindwa. Amewekwa kando tu. Hatuwezi kumdai unyenyekevu wa mshindwa mtu ambaye hatujampa mashindano.

Tungependa kusema neno kwa pande zote. Kwenu mnaopima zabuni: malalamiko yakija mezani, msiulize kwanza ni nani ameandika, ulizeni ni kifungu gani ametaja. Pia andikeni sababu za kumwacha mtu kwa ukamilifu, maana mstari mmoja wa haraka huzaa tetesi kumi. Kwenu mnaotunga kanuni: siku 5 za kazi ni chache kwa fundi wa milimani ambaye umeme hukatika na mtandao hutoweka, na nyaraka za Kiingereza humla siku mbili za kutafuta mfasiri. Haraka ni njema kwa mradi, lakini haki inayopita mbio mno huwaacha nyuma wenye miguu mifupi. Tangu mwaka 2025 malalamiko yenyewe hupokewa ndani ya mfumo wa NeST, na hilo limeokoa nauli ya safari nyingi; basi na lugha ya mfumo na ya nyaraka imsogelee mwananchi.

Na kwenu mnaoomba zabuni: hifadhini kila karatasi. Someni vigezo kabla ya kuomba, mvisome tena mkiachwa. Gaweni malalamiko yenu mafungu matatu kama ndugu zetu walivyofanya, na mpeleke lile la tatu tu. Mkiona kwamba fungu la tatu ni tupu, basi mmeshindwa kweli. Mpeni mkono aliyeshinda, mrudi kazini. Lakini mkikuta humo hata jambo moja lenye kifungu chake, msimwachie mtu yeyote awanyamazishe kwa msemo. Ulizeni kwa adabu, ulizeni kwa wakati, na mkubali jibu likiwa la haki, hata lisipowapa kazi.